Kipande cha Shosho, Jicho la Beshte Yangu

Mwisho wa Julai 2023, beshte yangu aliamka kabla jua halijachomoza, akavaa jaketi, akaenda kupanga foleni kwenye jumba moja la maduka hapa Nairobi. Aliniacha nimelala. Aliporudi jioni alikuwa na njaa, koo limekauka, na uso wa mtu aliyeshinda kamari. Alikuwa amesimama mbele ya mpira wa chuma unaong'aa, ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaufungulia macho ukapiga picha mboni zake. Kwa kazi hiyo alipewa sarafu za kidijitali 25. Akamuuzia mtu mtandaoni, simu ikalia, M-Pesa hiyo hapo. Karibu elfu saba.

"Na wewe endelea kulala tu," akaniambia.

Siku chache baadaye picha za umati pale KICC zikaenea kila mahali. Maelfu ya vijana, wengi wa rika letu, wamebanana kwenye uwanja wakisubiri mpira uwaangalie. Agosti 2 serikali ikasimamisha zoezi lote la Worldcoin. Nyumbani kwetu, chumba kimoja na jiko la gesi, vita vikaanza.

Mimi nilikuwa upande wa wale wanaosema kampuni ya kigeni haina biashara na macho yetu. Beshte alikuwa upande wa pili, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka kukubali. Aliniuliza, "Buda, serikali ilichukua vidole vyangu vyote kumi nikiwa na miaka kumi na nane. Ilinilipa ngapi? Hawa angalau wametoa doo." Nikamjibu serikali tunaipigia kura, kampuni hatuipigii. Akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Ubishi huo mnaujua. Mmeushiriki kwenye simu zenu, kwenye vikundi vya WhatsApp, kwenye mazungumzo ya usiku wa manane pale X. Kuna kambi ya wanaoogopa serikali, ambao husema afadhali soko, afadhali teknolojia ya mtu binafsi, mradi mkono wa Serikali uwe mbali. Halafu kuna kambi ya wanaoogopa makampuni, ambao huililia serikali itulinde. Kila kambi inaichukulia nyingine kama ya wajinga. Mimi niliamini hivyo hivyo, mpaka siku niliyompigia shosho simu kumweleza kisa cha jicho.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Sasa hiyo ni kipande?"

*

Kwa shosho, kitambulisho hakijawahi kuitwa kitambulisho. Ni kipande. Ukitoka nyumbani anakuuliza umechukua kipande. Nilipopata changu aliniambia sasa nimekuwa mtu, nina kipande. Na si yeye peke yake. Waulize wazee wa kwenu. Neno hilo limeishi miaka mia moja, limepita chini ya magavana na marais, na limekataa kufa hata baada ya kadi yenyewe kubadilishwa jina mara kadhaa.

Nilikuwa na wakati wa kulifuatilia. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda familia, na mtu aliyeacha chuo huwa na wakati mwingi na hamu ya kuthibitisha kwamba bado anaweza kusoma kitabu. Nilichokipata kilinivunjia upande wangu wa ubishi, kikavunja wa beshte pia.

Tuanze mahali ambapo vitabu vya shule hupapita haraka. Nchi tunayoiita Kenya ilianza kama kampuni. Hii si tamathali. Septemba 1888, Malkia wa Uingereza aliipa Imperial British East Africa Company, kampuni ya mfanyabiashara wa meli aliyeitwa William Mackinnon, hati ya kifalme. Tayari mwaka uliotangulia Mackinnon na wenzake walikuwa wamepata mkataba kutoka kwa Sultani Barghash wa Zanzibar, ukiwaruhusu kusimamia ukanda wa pwani. Kwa hati hizo mbili kampuni ilipata ruhusa ya kutoza ushuru, kuendesha mahakama, kuweka askari, na kufanya mikataba na watu wa bara. Wenye hisa walikaa London wakingoja faida. Faida haikuja. Kampuni ilitumia pesa nyingi kuliko ilizopata, ikafilisika polepole, na Julai 1, 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo hilo na kulifanya himaya.

Wenye hisa walilipwa pauni 250,000 ili waondoke. Kati ya hizo, pauni 200,000 zilitoka katika pesa za Sultani wa Zanzibar mwenyewe. Yaani mwenye mali alilipia kuhamishwa kwa mali yake kutoka mkono mmoja wa mgeni hadi mwingine.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba kampuni na serikali ni vitu viwili tofauti na nichague kimoja, namuuliza: siku ile ya Julai 1895, mkulima wa Machakos aligundua nini kimebadilika? Boma lilikuwa lile lile. Bendera ilibadilishwa.

*

Alama za vidole nazo zina hadithi ya aina hiyo hiyo. Mwaka 1858, huko Bengal nchini India, afisa mmoja Mwingereza aitwaye William Herschel aliandikiana mkataba na mtu aliyeitwa Rajyadhar Konai. Konai alitakiwa kuleta vifaa vya kutengenezea barabara. Herschel aliogopa kwamba baadaye Konai angeikana saini yake. Akampaka wino mkononi, akaugandamiza mkono mzima nyuma ya karatasi. Herschel alikuwa ameajiriwa na nani? East India Company, kampuni iliyokuwa ikitawala India, katika miezi yake ya mwisho kabla taji la Uingereza kuichukua nchi.

Alama hiyo ya mkono ndiyo wanahistoria huihesabu miongoni mwa za kwanza kutumiwa na maafisa wa Kizungu kwa kazi ya namna hiyo. Ukitazama vizuri, haikuanza kwa ajili ya kumkamata mwizi. Ilianza kwa ajili ya mkataba wa kazi, kati ya mtu mwenye nguvu na mtu ambaye neno lake halikuaminiwa. Miongo michache baadaye, huko huko Bengal, polisi chini ya Edward Henry, pamoja na wasaidizi wake Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walitengeneza njia ya kupanga alama hizo kwenye mafaili ili ziweze kutafutwa. Ndiyo iliyoenea ulimwenguni, na ndiyo iliyofika Nairobi.

Hapa walowezi walikuwa na shida moja kubwa. Walikuwa wamepewa ardhi, na ardhi bila mikono ni nyasi tu. Serikali iliwasaidia kwa kodi: ukidaiwa kodi kwa pesa taslimu, na huna pesa taslimu, utakwenda kuzitafuta kwa Mzungu. Lakini mtu akishafika shambani, akaona chakula kibaya na mshahara unacheleweshwa, alifanya jambo ambalo sisi sote tungelifanya. Alitoroka usiku. Akaenda shamba lingine, akajiita jina lingine.

Sheria ya Usajili wa Wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 ili kuziba mwanya huo. Vita Kuu ya Kwanza iliichelewesha, na kuanzia mwisho wa 1919 ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kusajiliwa, kutoa alama za vidole, na kupewa karatasi ya kubeba popote atokapo nje ya kwao. Karatasi ilikaa ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Hakuna mwandishi wa insha atakayelipiku jina hilo.

Kufikia mwisho wa 1920 karibu watu laki mbili walikuwa wamesajiliwa. Kufikia 1931 vipande vilivyotolewa vilizidi milioni moja.

Ndani ya ile karatasi ndiko kuna somo. Kulikuwa na jina, kabila, wilaya, alama za vidole. Hayo tunayajua, hata kadi zetu zimekuwa na ndugu zake. Lakini sehemu kubwa ilikuwa ya mwajiri. Aliandika jina lake, siku aliyokuajiri, kazi unayofanya, mshahara anaokulipa, na siku aliyokuachilia. Chini yake, saini.

Fikiria maana yake. Ukitaka kuacha kazi, ulihitaji saini ya yule unayemkimbia. Asiposaini, wewe si mtu aliyeacha kazi, ni mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mwajiri mpya angeona hujafunguliwa na yule wa kwanza. Na hata ukiachiliwa vizuri, mwajiri mpya angesoma ulikuwa ukilipwa shilingi ngapi, kwa hiyo hana sababu ya kukupa zaidi. Ukitoroka, nakala ya vidole vyako ilikuwa kwenye ofisi ya usajili Nairobi. Jina ungebadilisha. Vidole je?

Sasa niambie hicho kilikuwa chombo cha nani. Serikali ilikichapisha, serikali ilikilinda kwa polisi na jela, lakini kila siku kilimhudumia mtu binafsi mwenye shamba la kahawa. Beshte angesema tatizo ni serikali. Mimi ningesema tatizo ni bepari. Mtu aliyevaa kile kikopo shingoni angetuangalia sote wawili kama vichaa.

*

Aliyekipigia kelele zaidi kile kikopo alikuwa mfanyakazi wa teknolojia. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui huko Kiambu, alikuwa amejifunza kazi ya uchapishaji kwenye gazeti la walowezi, kisha akawa opereta wa simu katika ofisi ya Hazina ya serikali hapa Nairobi. Kijana wa miaka ishirini na kitu, anazungumza Kiingereza, anaunganisha nyaya za mazungumzo ya wakubwa. Ukimtafuta leo ungempata kwenye jengo lenye vioo pale Westlands, ana kadi ya kampuni shingoni.

Mwaka 1921 walowezi walitaka kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi, wakati kodi ilikuwa imepandishwa. Thuku na wenzake wakaanzisha chama, kikawa East African Association, kikichanganya watu wa makabila tofauti mjini. Malalamiko yao yalikuwa wazi: kipande, kodi, mishahara, na wanawake na wasichana kulazimishwa kufanya kazi za barabara na mashamba. Julai mwaka huo walifanya jambo lililowaudhi sana maafisa. Walituma malalamiko moja kwa moja London kwa telegramu, bila kupitia kwa chifu, wala mmishenari, wala gavana. Rafiki yao Mhindi, M. A. Desai, mhariri wa East African Chronicle, aliwasaidia kwa ofisi na mashine ya kuchapisha. Serikali ikamwambia Thuku achague: siasa au kazi ya Hazina. Akaacha kazi.

Alizunguka akihutubia, na kwenye mikutano akazungumzia kukusanya vipande vyote na kwenda kuvimwaga kwa gavana. Machi 14, 1922 akakamatwa.

Wafanyakazi wa Nairobi wakagoma. Machi 16 maelfu walikuwa wamejaa nje ya kituo cha polisi alimofungiwa, karibu na ilipo Central Police Station leo. Wazee wa ujumbe walikwenda kuonana na mkubwa wa serikali, wakarudi na ahadi kwamba Thuku atasikilizwa kwa haki, wakawaambia watu warudi nyumbani. Watu wakaanza kuondoka. Hapo akainuka mwanamke aliyeitwa Mary Muthoni Nyanjiru, akapandisha nguo yake juu mbele ya wanaume, na kuwaambia waichukue, wampe yeye suruali zao, maana ni waoga. Kwa Wakikuyu hilo ni tusi lisilo na dawa. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukageuka, ukasonga mbele. Askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufa. Inasemekana walowezi waliokuwa kwenye baraza la Norfolk Hotel nao walifyatua zao. Serikali ilihesabu maiti 21. Walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi, wengine zaidi ya mia.

Kuna jambo linalonirudisha kwa Nyanjiru kila mara. Yeye hakuwa na kipande. Sheria haikumhusu, ilikuwa ya wanaume. Angeweza kusema, kama tunavyosema sisi kila wiki, mimi sina cha kuficha, hii hainihusu. Lakini alijua mwenye kipande ni nani: ni mume, ni kaka, ni mwana, na pesa zinazoingia au kutoingia nyumbani.

Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu, na kukaa mbali na kwao karibu miaka tisa. Aliporudi hakuwa yule yule. Alijitenga na wenye msimamo mkali, akaanzisha chama cha kutii serikali, na wakati wa Mau Mau akawa upande wa wanaoipinga. Sisemi haya kumshusha. Nasema kwa sababu tunapenda mashujaa wasiochoka, na yeye alichoka. Leo barabara yenye jina lake inapita kando ya Norfolk. Niliipita mamia ya mara nikiwa mwanafunzi, nikiwaza lishe ya mchana tu.

*

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni, ikiwa na aibu ya kuwa na karatasi ya weusi pekee, ikatunga sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote. Wote wangetoa alama za vidole. Hapo ndipo walowezi walipogundua uhuru wa mtu binafsi.

Kwa karibu miaka thelathini walikuwa wamesaini vipande vya wengine kila jioni. Sasa wakasema kumpaka wino vidole mtu mwenye heshima zake ni kumfanya mhalifu. Wakafanya mikutano, wakaandika barua, wakapiga kelele hadi ikaundwa tume ya Sir Bertrand Glancy. Ripoti yake ya 1950 ikapendekeza njia ya kuwaokoa: anayeweza kujaza fomu yake kwa Kiingereza na kuleta picha, aruhusiwe kuweka saini badala ya vidole.

Nikisoma hapo nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakwama. Hoja za walowezi zilikuwa za kweli. Kuchukuliwa vidole kwa nguvu kunadhalilisha. Walikosea jambo moja tu: walidhani udhalilishaji ulianza siku ulipowafikia wao. Na ubishi wetu mwingi kuhusu uhuru na teknolojia una harufu hiyo. Tunaamka siku programu inapogusa simu yetu. Jirani alipoguswa tulikuwa tumelala.

Kwa wengine, hata hiyo afueni ya Glancy haikuwa na maana. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Aprili 24, 1954, kwenye Operesheni Anvil, jeshi lilizingira Nairobi yote na kuwapanga Waafrika foleni, karatasi mkononi. Kabila lililoandikwa pale likaamua nani apite na nani apandishwe lori. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakapelekwa kambini. Rejista ambayo ilitengenezwa kumtafutia mkulima mtoro wake sasa ilikuwa inachagua wafungwa. Hakuna aliyeijenga upya. Ilikuwa tayari, ikingoja kazi nyingine.

*

Nilimsomea shosho haya yote kwenye simu, nikiwa na hasira ya msomi asiye na cheti. Nilitarajia angesema kweli, mjukuu wangu, hii kitu ni mbaya. Badala yake akanisimulia siku alipopata kipande chake.

Baada ya uhuru, sheria iliendelea kuwatambua wanaume tu. Wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye usajili kwa marekebisho ya 1978. Shosho alikuwa na watoto wanne tayari. Alisimama kwenye foleni kwa chifu tangu asubuhi, na mtoto mgongoni, na aliporudi na kadi yake alikuwa, kwa maneno yake, mtu. Aliweza kufungua akaunti kwa jina lake. Aliweza kupokea pesa za majani chai bila kumtuma babu. "Wewe unaongea kuhusu kuitupa," aliniambia. "Mimi nililia nikiipata."

Kwa hiyo hadithi yangu nzuri ikaharibika, na nashukuru. Kwa sababu kuna Wakenya ambao hadi leo wanalilia kuipata. Wanubi wa Kibra, ambao babu zao waliletwa kama askari wa Mwingereza, walilazimika kupita kamati za kuhojiwa ili kuthibitisha kuwa ni Wakenya, wakati kijana wa kabila lingine alijaza fomu tu. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewakosea watoto wao. Wakenya Wasomali, mwaka 1989, walipangwa foleni kuchunguzwa uraia na kupewa kadi ya ziada ya rangi ya waridi. Hao hawataki rejista ifutwe. Wanataka waandikwe kama wengine, bila kuulizwa babu yao alizikwa wapi.

Hapo nikaelewa kwamba swali la beshte na langu, la serikali au kampuni, lilikuwa dogo. Shosho na mtu wa mbugi walibeba kitu chenye jina moja. Tofauti yao ilikuwa kwamba kadi ya shosho ilimfungulia mlango na yeye ndiye aliyeitoa mfukoni alipotaka. Ya yule mwingine ilisomwa na mwajiri, ikaandikwa na mwajiri, ikafungwa na mwajiri.

*

Twende mbio sasa, maana haya mmeyaishi. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa, na simu ikawa benki. Serikali ikaanza kudai kila laini iandikishwe kwa kitambulisho, na 2022 tukapangishwa foleni tena kuandikisha upya. Na kwa wale wanaotaka kuchora mstari kati ya serikali na makampuni: baada ya mauzo ya hisa ya 2008, Hazina ilibaki na asilimia 35 ya Safaricom. Hazina, ofisi ile ile alikokaa Thuku akiunganisha simu.

Mwisho wa 2018 sheria ikarekebishwa kimyakimya, ndani ya mswada wa marekebisho madogo madogo, kuruhusu mfumo mmoja wa kuwasajili watu wote. Ilitaja hata DNA na mahali unapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Huo ndio Huduma Namba. Wanubi, kupitia Nubian Rights Forum, wakawa miongoni mwa waliokwenda mahakamani. Waliowahi kukosa kadi ndio walioisoma sheria kwa makini kuliko sisi tulio nazo. Aprili na Mei 2019 mamilioni walisajiliwa huku kesi ikiendelea. Januari 30, 2020 majaji watatu wakaamua kwamba DNA na vile vipimo vya makazi vinakwenda kinyume cha Katiba, na kwamba mfumo usiendelee bila kanuni za kutosha. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi zenyewe, kwa sababu serikali haikuwa imepima kwanza madhara yake kwa faragha kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka. Leo tunaambiwa Maisha Namba.

Halafu ikaja Juni 2024. Vijana walijipanga kwa simu, wakaingia barabarani kwa simu, na baadaye wengine wakachukuliwa na watu wasiojitambulisha kwenye magari yasiyotambulika. Usiku ule kila mtu kwenye jengo letu alizima simu. Beshte pia. Hatukubishana. Swali la nani anajua uko wapi halikuwa tena la falsafa.

Mei 2025, Mahakama Kuu ikaamuru Worldcoin ifute data za mboni ilizokusanya Kenya, ndani ya siku saba, chini ya uangalizi wa Kamishna wa Data. Nilimsomea beshte habari hiyo akipika. Alikoroga sufuria muda mrefu, kisha akauliza, "Na nitajuaje wamefuta?"

Ndilo swali bora lililoulizwa katika nyumba yetu kwa miaka miwili. Mtu wa 1920 alilijua. Alihitaji saini ya kuachiliwa, na aliiona kwa macho yake, hata kama hakujua kusoma: kulikuwa na wino au hakukuwa. Angalau alijua bado amefungwa. Sisi tumetia alama kwa serikali, kwa kampuni za simu, kwa programu za mikopo, kwa mpira wa chuma, na hakuna hata mmoja ambaye tumewahi kumwona akisaini kwamba ametuachilia. Sheria ya 2019 inatupa haki ya kuomba data zetu zifutwe. Beshte ameandika barua pepe. Mimi nimemsaidia sarufi.

Wiki iliyopita tulikwenda pamoja kwenye jengo moja tao, yeye ana mahojiano ya kazi, mimi nimemsindikiza. Mlangoni askari akatusukumia daftari kubwa, kurasa zimekunjika pembe. Jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda ofisi gani, saini. Juu ya mistari yetu kulikuwa na watu wote waliopita asubuhi hiyo, namba zao zote wazi, ungeweza kuzinakili ukitaka. Beshte akaandika yake bila kuwaza. Mimi nikaandika yangu. Askari akazichukua kadi zetu, akazitia kwenye droo, akatupa beji za plastiki zenye kamba.

Beshte akaivaa yake shingoni. Tulipofika kwenye lifti akaitingisha kwa kidole, ikagonga kifungo cha shati, akanitazama.

"Mbugi," akasema.